Heshima ya Shavu

Msimamizi wa waokaji aliitwa Mizani, na pale kiwandani hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mtu wa kupima. Unga aliupima mara mbili, hamira mara tatu, na maneno ya watu aliyapima huku jicho moja kalifumba. Waokaji wake walisema ukimwambia Mizani "habari za asubuhi," anaitazama kwanza asubuhi yenyewe ndipo akujibu.

Kwa hiyo mkurugenzi, mwanamke aliyerithi kiwanda kutoka kwa baba yake, alipotangaza kwamba tanuri jipya linakuja kutoka nchi ya mbali pamoja na fundi wa kulifunga, na kwamba kabla fundi hajafika kutakuwa na semina ya siku mbili ya namna ya kuishi naye, Mizani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Kuishi naye vipi, mama? Si tutamkaribisha, atafunga tanuri, ataondoka?"

"Dunia imebadilika, Mizani. Wenzetu wa kiwanda cha biskuti walimkosea mgeni wao, akakusanya spana zake akaenda zake. Mtambo mpaka leo umelala chini ya turubai kama maiti."

"Walimkosea nini?"

"Hilo ndilo jambo lenyewe. Hata leo hawajui."

Mizani akashusha mkono. Jibu lile hakulipenda, lakini hakuona pa kulishika.

Mtaalamu wa tamaduni alikuja Jumatatu, suti nyeusi, viatu vinavyong'aa. Semina ilifanyika stoo, watu wamekalia magunia ya unga, na ilipofika saa ya chai suruali ya Mtaalamu ilikuwa nyeupe hadi magotini. Hakujali. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Alitundika karatasi kubwa ukutani, akachora kichuguu.

"Mnachokiona juu ya ardhi ni hiki kidogo," alisema. "Nguo, salamu, chakula. Lakini chini! Chini kuna vyumba, njia, maghala. Huko ndiko anakoishi mgeni wenu. Ninyi mnamwona amesimama hapa, kumbe yuko kule chini."

"Na mchwa?" akauliza Mizani.

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka, tena zaidi yao. "Swali zuri sana," akasema. Akaliandika swali lile kwenye karatasi, akalizungushia duara, wala hakulijibu. Mizani akajikuta ameridhika. Miaka kumi na saba alikuwa akiuliza maswali kiwandani, na hakuna aliyewahi kulizungushia swali lake duara.

Mwisho wa siku ya pili kila mfanyakazi alipewa karatasi ya kanuni tisa. Mgeni hasemi sana. Lugha yetu anaijua, ila kuitumia ovyo kwake ni utovu wa adabu. Mgeni hacheki siku za mwanzo. Asishikwe bega. Kanuni ya nne ilipigiwa mistari miwili: mgeni haulizwi hali yake. Kwao, kumuuliza mtu mzima "unajisikiaje" ni sawa na kumwambia amechakaa.

Shangazi ndiye pekee aliyeikunja karatasi yake bila kuisoma. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake mkurugenzi, na kazi zake pale zilikuwa mbili: kuosha trei na kuwatajia watu magonjwa yao. Dereva alishaambiwa ana figo. Karani wa stoo, wengu. Kijana aliyekuja kuuza hamira alitoka mbio baada ya kuambiwa rangi ya macho yake ni ya mtu wa kuaga dunia. Yeye mwenyewe Shangazi alibakiwa na meno manne, na kila lililotangulia lilikuwa na historia yake, ambayo ukimkuta karoni anakooshea trei hana haraka ungesimuliwa yote. Ndiyo maana watu walimpenda, lakini hakuna aliyemsikiliza.

*

Fundi alifika Alhamisi asubuhi. Wafanyakazi ishirini na wawili walipangwa mstari mlangoni, aproni zimepigwa pasi. Gari likasimama, akashuka mtu mfupi mwenye mabega mapana na sanduku la vyuma. Mkono wa kulia umebeba sanduku. Wa kushoto umeshika shavu.

"Karibu sana," mkurugenzi akasema.

"Asante," fundi akasema, mdomo haukufunguka zaidi ya upenyo wa kupitisha uzi.

Mizani, aliyelelewa akijua kwamba anayeshika tama ana msiba, akamwinamia Mtaalamu. "Kafiwa?"

Mtaalamu alikaa kimya kidogo. Ulikuwa muda mfupi tu, kama wa kumeza mate, na Mizani aliuona. Baadaye angejilaumu kwamba aliuona na kuuacha upite.

"Hiyo ni salamu," Mtaalamu akanong'ona. "Mkono wa kushoto, upande wa moyo. Heshima ya shavu. Jibuni upesi, msimwache akingoja!"

Mikono ishirini na miwili ikapanda mashavuni. Mkurugenzi naye akapandisha wake, taratibu, kwa sababu ya hereni. Fundi akawatazama kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni, akaingia ndani.

"Mmeona?" Mtaalamu akasema. "Ameguswa."

"Jino," akasema Shangazi kutoka nyuma.

Hakuna aliyegeuka.

Na kweli siku ile fundi hakucheka, wala hakusema, kama kanuni zilivyotabiri. Jioni ile Mizani akiipitia ile karatasi aliona kila mstari umetimia, na mtu wa kupima akikuta vipimo vimekubaliana, anasadiki. Tangu hapo kila alichokitazama kilikuwa ushahidi. Fundi alipewa chai ya moto akaiacha mpaka ikapoa kama maji ya mtungi: ni kanuni ya sita, kutokuwa na pupa. Alipewa mkate uliotoka kwenye tanuri la zamani, akanyofoa sehemu laini ya ndani akaitumbukiza kwenye maji, ganda akaliweka pembeni kwa uangalifu: Mtaalamu akaeleza kwamba kwao ganda la mkate huachiwa mwokaji, ishara ya shukrani. Mizani akalifunga ganda lile kwenye karatasi akalitia mfukoni. Kila asubuhi fundi aliomba maji ya uvuguvugu na chumvi, akajifungia chooni, zikasikika sauti za kugugumia. "Maombi," Mtaalamu akasema, na kuanzia siku hiyo watu walipopita karibu na choo walitembea kwa ncha za vidole.

Siku ya tatu Mizani alijitosa. Alimkuta fundi peke yake amechuchumaa ndani ya tanuri jipya, anakaza boliti. Akasimama mbele yake, akaweka kiganja shavuni, akatulia hivyo kama picha.

Fundi akatoka. Akamsogelea, akamtazama usoni kwa makini, akashusha pumzi ndefu.

"Pole," akasema. Kisha akampiga-piga begani.

Mizani alikwenda ofisini karibu anakimbia. "Ametamka! Kaniambia pole! Na bega kanishika!"

"Bega?" Mtaalamu akainuka kitini. "Si nilisema wao hawashikani bega? Basi amekupa undugu. Hilo halitokei kila siku, bwana. Mimi mwenyewe sijawahi kupewa."

Nyumbani mkewe Mizani alimfungulia mlango, akamkuta mume amesimama kizingitini, tumbo mbele, kiganja shavuni.

"Nani kakupiga?" mke akauliza.

"Hii ni heshima."

"Heshima ya nani? Ingia ndani, majirani wanaangalia."

Akaingia, akaeleza kichuguu, vyumba vya chini, undugu. Mkewe alisikiliza huku akikunja nguo, akauliza swali moja tu: huyo mtaalamu ameishi huko miaka mingapi? Mizani akasema hajui, lakini mtu hawezi kuyajua yote yale kama hajaishi. Mkewe akasema ahaa, akaendelea kukunja nguo. Ile ahaa ilimkera Mizani mpaka usingizi ulipomchukua.

Ndipo mtu wa mashaka akageuka kuwa askari wa kanuni. Alimkemea dereva kwa kushika shavu la kulia. Alimwondoa mwokaji mmoja zamu ya asubuhi kwa kosa la kumwuliza fundi kama amelala salama. Na alipomkuta Shangazi anamwandalia fundi karafuu kwenye kisahani, alikaribia kupiga kelele.

"Shangazi, nini hiki?"

"Ya kuweka kwenye jino. Huyu mtoto wa watu anaumwa jino la nyuma, la chini, la kushoto."

"Wiki iliyopita mimi ulisema nina bandama."

"Na unayo. Kwani umekwenda kupima?"

"Shangazi, Mtaalamu amesoma."

"Amesoma mdomo wa nani?"

"Fundi angeumwa angesema!"

"Basi muulize."

"Haulizwi!" Mizani akamwonyesha ile mistari miwili. "Unataka aondoke? Unataka tanuri lilale chini ya turubai?"

Shangazi akazila karafuu zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, akimtazama.

*

Siku ya sita fundi alikuja na shavu limevimba kama donge la unga lililosahaulika kwenye joto. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki ufa. Hata karani wa stoo, ambaye huwa haoni gunia mpaka ajikwae nalo, aliliona.

Mizani akaenda kwa Mtaalamu. "Mgeni amevimba."

"Amenawiri," Mtaalamu akamrekebisha. "Mgeni akistarehe hunawiri. Hewa ya hapa imempenda."

"Shavu moja?"

"Ndiyo kwanza anaanza."

Mizani akatoka. Njiani kwenda kwenye meza za kukandia akasimama. Alihisi kitu ndani yake kimeelemea upande mmoja, akakiacha. Siku tano alikuwa amewafundisha watu, amewakemea watu, ametembea na ganda la mkate mfukoni. Angeanzia wapi kurudi?

Siku ya saba ilikuwa ya kuwasha tanuri. Mkurugenzi alivaa vizuri, waokaji wakapanga trei za kwanza, na Mtaalamu akawapanga wote nusu duara mbele ya mlango wa chuma. "Akitoka tu," akasema, "wote kwa pamoja. Salamu ya mwisho iwe nzuri."

Fundi akatoka nyuma ya tanuri, jasho linamtiririka, bisibisi mkononi. Mikono ikapanda. Mashavu ishirini na mawili, ishirini na matatu kwa la mkurugenzi, ishirini na manne kwa la Mtaalamu mwenyewe.

Fundi akasimama. Akawatazama kwa lile jicho zima. Kisha akaweka bisibisi chini, akafungua sanduku lake, akatoa pakiti ya vidonge, akaanza kupita kwenye nusu duara akimpa kila mtu kimoja. Alipopita, alimwambia kila mmoja, "Pole. Pole sana." Wakapokea kwa mikono miwili.

"Zawadi ya kuagana," Mtaalamu akanong'ona, ingawa kijasho kilikuwa kimemtoka. "Mezeni! Msikatae!"

Wakameza. Dereva alimeza bila maji akakohoa. Mkurugenzi akameza. Zamu ya Mizani ilipofika alikipokea kidonge, na kwa tabia aliyozaliwa nayo, akaomba kuiona pakiti. Maandishi hakuyaelewa. Lakini pembeni palichorwa jino kubwa jeupe, na radi nyekundu inalipiga.

Mizani akalitazama jino. Akalitazama shavu la fundi. Akalitazama jino tena. Akajiona kama mtu aliyegundua katikati ya barabara kwamba ametoka nyumbani bila suruali.

"Fundi," akasema, na watu wote wakageuka kumtazama, kwa sababu walijua kanuni ya nne inakwenda kuvunjwa, "unaumwa?"

"Mimi?" fundi akasema. Akafungua mdomo kwa shida, na maneno yakaanza kumtoka kwa mpigo, ya kupinda-pinda, huku mate yanamchuruzika. "Mimi jino moja tu! Ninyi wote! Siku ya kwanza mimi nafika, naona watu ishirini, kila mtu jino yake inauma. Mama mkurugenzi, jino. Dereva, leo jino kushoto, kesho jino kulia! Na mnafanya kazi! Hakuna mtu analia, hakuna mtu anakwenda hospitali. Mimi nasema, hii watu gani hii? Hii watu ya chuma! Mimi na jino moja nitalalamika vipi? Nikaona haya. Nikanyamaza. Nimemwandikia mke wangu: hapa maji ni mabaya sana, lakini watu ni wavumilivu."

Ilisikika injini ya gari ikipita barabarani.

"La nyuma," sauti ya Shangazi ikatoka karoni, "la chini, la kushoto."

"Ndiyo!" fundi akapiga kelele, akageuka kumtafuta. "Hiyo! Hiyo kabisa!"

Wa kwanza kucheka alikuwa mkurugenzi. Alicheka mpaka akashika meza ya kukandia, akaacha alama za vidole kwenye donge. Halafu wote wakaangua, na fundi alipoeleweshwa naye akacheka, akilia kwa maumivu, akiwasihi wanyamaze, maana kila akicheka radi inampiga.

Mizani hakucheka. Alivua aproni, akamshika mgeni mkono kama mtu anayemvusha barabara, akampeleka kwa daktari wa meno. Alikaa naye mpaka mwisho. Fundi alimbana vidole kwa nguvu za mtu wa boliti, na Mizani hakuutoa mkono, kwa kuwa aliona anastahili.

*

Watu wangedhani mambo ya Mtaalamu yaliishia hapo. Hayakuishia. Mkurugenzi alimwita ofisini akamuuliza, mbele ya Mizani, yeye mwenyewe aliishi miaka mingapi huko kwao fundi.

"Nchi ya jirani nayo," Mtaalamu akasema. "Siku kumi na moja. Lakini wale ni kitu kimoja."

"Na heshima ya shavu?"

"Mama, tazama matokeo. Mgeni ameficha maumivu siku saba. Huoni hapo utamaduni wa uvumilivu? Huko ndiko mimi nilikokuwa nawapeleka taratibu."

Akaondoka na karatasi zake, kichwa juu, na suruali yake bado ina unga. Kilichomshangaza Mizani zaidi ni waokaji. Alidhani wataona aibu kama yeye. Lakini karani wa stoo alishikilia kwamba jino lilikuwa jino, ila salamu nayo ipo, kwani mtaalamu mzima hawezi kuitoa hewani. Wengine wawili walimuunga mkono. Mizani alibishana nao mpaka akachoka, kisha akakumbuka ni nani aliyewafundisha, akaenda kupima unga.

Kwa Shangazi alikwenda mwenyewe. Akamwambia, "Nimekosa." Shangazi akamwambia avute ndoo amsaidie kusuuza. Wakasuuza trei arobaini bila kusema neno lingine, na hiyo ikatosha.

Fundi alirudi kazini baada ya siku mbili, shavu limeshuka. Lo! Ikadhihirika kwamba walikuwa wameishi na chiriku aliyezibwa mdomo. Alizungumza tangu anaingia getini. Alizungumza juu ya mke wake, juu ya shemeji yake ambaye hajawahi kurudisha ngazi aliyoazima, juu ya boliti mbaya na boliti nzuri. Aliuliza maswali yasiyo na mwisho, na moja alimuuliza Mizani wakiwa wamekaa kwenye magunia wakisubiri tanuri lipate joto.

"Kwa nini hukuniuliza siku ya kwanza?"

"Nilidhani hupendi kuulizwa."

"Nani kasema?"

"Niliambiwa," Mizani akasema. "Na nilipenda kuambiwa."

Fundi akasema, "Mimi pia nilikuwa naweza kuuliza. Watu ishirini, jino ishirini. Hesabu gani hiyo?"

Mikate ya kwanza ikatoka, mistari minane, laini, imeumuka sawasawa. Mizani akakata kipande, akampa mgeni, safari hii pamoja na ganda. Fundi akatafuna upande wa kulia, taratibu. Akameza.

"Mbaya?" Mizani akauliza.

"Si mbaya. Lakini hii siyo mkate. Hii mto wa kulalia. Ganda iko wapi?"

"Ganda ndilo hilo!"

"Hiyo ngozi ya mtoto. Kwetu mkate lazima ikatae kidogo. Lazima upigane nayo."

"Mkate wa kupigana nao?" Mizani akasimama. "Mtu ametoka kazini amechoka, akapigane na mkate?"

"Ndiyo! Unapigana, unashinda, unafurahi!"

Wakabishana. Waokaji wakaacha kazi kusikiliza. Mwisho fundi akakunja mikono, akachukua donge moja, akalikanda kwa namna yake, akalipasua juu kwa wembe, akapandisha moto kuliko Mizani alivyowahi kuthubutu, akamwaga kikombe cha maji ndani ya tanuri mpaka mvuke ukawafukuza wote hatua tatu nyuma. Mkate ukatoka mweusi kingoni, mgumu kama jiwe la kusagia. Mizani akaugonga kwa kidole, ukalia ko, ko, ko.

"Karibu ndani," dereva akaitikia.

Mizani akauvunja kwa mikono miwili, akatia kipande mdomoni, akapambana nacho muda mrefu, huku fundi amemkodolea macho akisubiri.

"Sijaupenda," Mizani akasema, akanyoosha mkono kuchukua kipande cha pili.